Katani ni "rafiki wa mazingira", lakini maji ya kostiki yalikwenda wapi?

Msomaji, fungua makala za utafiti kuhusu kompositi za nyuzi za mimea, utakutana na ufunguzi uleule: nyuzi asilia ni nyepesi, ni nafuu, ni rafiki wa mazingira. Hoja mbili za kwanza sina ugomvi nazo. Ya tatu ndiyo imenileta hapa, na mfano wangu ni katani, ileile ya mashamba ya Tanga.

Kwanza tuelewane kwenye kemia. Selulosi ya katani imejaa vikundi vya haidroksili, yaani inapenda maji. Poliesta haiyapendi. Ukizichanganya hivihivi, poliesta inakaa juu ya uzi kama rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye unyevu: ukiigusa tu, inabanduka. Ndiyo maana watafiti huloweka nyuzi kwenye kostiki soda, hiyohiyo ya watengeneza sabuni, mara nyingi ya asilimia 2 hadi 10. Kostiki inaondoa nta, hemiselulosi na sehemu ya lignini. Uso wa uzi unakwaruzika na poliesta inapata pa kushika. Mbinu si mpya: John Mercer alipata hataza yake Uingereza mwaka 1850, kwa ajili ya pamba. Ila ukizidisha, selulosi yenyewe inaumia na uzi unadhoofika.

Kwa hiyo kostiki inafanya kazi. Shida iko kwenye hesabu.

Baada ya kulowekwa, nyuzi husuuzwa tena na tena, pengine kwa asidi kidogo ya siki, mpaka pH ifike 7. Kwenye makala hiyo ni sentensi moja. Lita ngapi? Zilimwagwa wapi? Kimya. Na simnyooshei mtu kidole: kwenye tasnifu yangu ya uzamili niliandika sentensi hiyohiyo. Maji yalitoka na rangi ya chai ya rangi, nikayamwaga kwenye sinki, wala sikuyapima. Kisha nikaandika "rafiki wa mazingira" kwenye ikisiri.

Hesabu ya pili ni ya kompositi mseto, zile zinazochanganya katani na faibaglasi. Nguvu ikipanda, sifa zote anapewa kostiki. Lakini kioo kina densiti ya karibu gramu 2.5 kwa sentimita ya ujazo, na katani karibu 1.45. Uzito uleule wa katani unachukua nafasi kama mara 1.7 zaidi. Ukilinganisha kwa uzito bila kusema ujazo, na bila sampuli ya mseto wenye katani isiyotibiwa, hujui nguvu imetoka kwenye kostiki au kwenye kioo. Halafu mseto huo wa poliesta hauozi, wala hauyeyuki ukatumika upya. Katani iliyokuwa inaoza shambani tumeifunga humo moja kwa moja.

Jamani, hili si la maabara peke yake. Jani la mkonge hutoa nyuzi kavu kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Mengine yanatoka kwenye korona yakiwa makapi na majimaji, na huo tayari ni mzigo. Kiwanda kikiongeza kostiki juu yake, atakayelipa ni yule anayechota maji chini ya shamba.

Sisemi tuache kutibu nyuzi. Kostiki inaweza kutumika zaidi ya mara moja kabla ya kumwagwa, na maji yanaweza kupimwa na kusawazishwa. Ila tuyaandike. Ukisoma makala nyingine ya aina hii, iulize mambo matatu: maji yalikuwa lita ngapi na yalikwenda wapi? Sampuli isiyotibiwa iko wapi? Je, walijaribu nguvu baada ya kuiloweka kompositi, au ikiwa kavu tu? Isipojibu, hesabu ya nguvu unaweza kuiamini. Neno "rafiki" lisubiri kwanza.