Heko, Wazee wa Fighi

Kutoka Voi hadi Kasigau, kila kilima kina anayekimezea mate kwa vito vyake. Ndiyo maana nawapa heko wazee wanaolinda fighi, misitu mitakatifu ya Wataita, pamoja na wanamazingira wanaowalinda ndege adimu wa misitu ya Ngangao na Mbololo. Watu wa Kwale pia wanaujua uzito wa ushirika huu wa wazee na wanamazingira. Mlima Mrima, kaya (msitu mtakatifu) ya Wadigo, una madini ghali na thoriamu, ndugu wa urani. Wenyeji walipinga uchimbaji. Leseni ya kampuni ya Cortec ya kuchimba hapo ilifutwa 2013. Kampuni hiyo ikaishtaki Kenya kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi, ikabwagwa 2018. Baraza liliona leseni ilikuwa batili tangu mwanzo: sheria za mazingira zilirukwa.