Vitabu vya Kanisa vya Ufini: Sifa Zake na Ila Zake

Viko vitabu ambavyo havikuandikwa ili visomwe kama hadithi, lakini vyatuambia mengi kupita hadithi. Hivyo ndivyo vitabu vya sharika za vijijini katika nchi ya Ufini. Nchi ile ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi hata mwaka 1809, na sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwaamuru wachungaji kuandika wabatizwao, waoanao, wazikwao na wahamao.

Kilicho bora ni kile kiitwacho rippikirja, yaani kitabu cha washiriki wa Meza ya Bwana. Kimepangwa kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba: kwanza mwenye nyumba, kisha mkewe na watoto wao, halafu watumishi. Kando ya majina mna alama za kuonyesha kama mtu ajua kusoma na kama aijua katekisimo, maana mchungaji alizunguka vijijini kuwapima watu. Twausifu utaratibu huu. Kwa huo mtumishi asiye na shamba aliandikwa katika ukurasa ule ule wa bwana wake, na leo kitukuu chake aweza kumwona.

Lakini kusifu si kufumba macho. Ila ya kwanza ni lugha. Kwa muda mrefu waandishi walitumia Kiswidi, na wanakijiji wengi walisema Kifini. Aliyeitwa Heikki nyumbani aliandikwa Henrik, na Juhani akawa Johan. Jina aliloitwa na mamaye halimo kitabuni.

Ila ya pili humkwaza mwenye haraka. Pande za magharibi jina lilikuwa la shamba, si la ukoo. Mwanamume akienda kukaa katika shamba la mkewe, huitwa kwa jina la shamba lile. Basi ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina mbalimbali, na watu wasio wa damu moja wakawa na jina moja. Afuataye jina tu atajipatia babu asiye wake.

Ila ya tatu yatuhuzunisha. Katika njaa kuu ya miaka 1866 hata 1868 walikufa watu zaidi ya 100,000, wengi kwa homa. Maskini waliacha makwao wakatanga njiani wakiomba chakula. Kitabu kilichopangwa kwa nyumba kingemweka wapi mtu asiye na nyumba? Wengine walizikwa mbali, wakaandikwa kuwa ni wageni wasiojulikana.

Basi hukumu yetu ni hii: vitabu hivi ni shahidi mwaminifu, wala si shahidi wa mambo yote. Atakaye kuandika habari za kijiji asinakili orodha ya wenye mashamba na kuiita historia. Na alinganishe ubatizo na uhamisho na maziko, tena asome mpaka chini ya ukurasa, walikoandikwa watumishi na maskini. Maana kijiji hakikujengwa na wenye nyumba peke yao.