Ujira wa Mchezaji

Wahenga walinena, "Mcheza kwao hutunzwa." Lakini tazama, msomaji, mambo yalivyokuwa katika kandanda ya Uingereza. Mwaka 1901 ilianza kutumika kanuni kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma. Na hata mwaka 1960 upeo ulikuwa pauni 20 tu. Walioitetea walidai kwamba yalinda vilabu maskini, ili matajiri wasiwanyakue wachezaji hodari wote.

Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini ipime. Mwaka 1960 Manchester City ilimnunua Denis Law kutoka Huddersfield Town kwa pauni 55,000. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupata zaidi ya zile 20 kwa juma. Basi kanuni haikumzuia tajiri kununua. Ilimzuia mchezaji kufaidi jasho lake.

Wachezaji, wakiongozwa na Jimmy Hill, walipokusudia kugoma, kanuni ikafutwa Januari 1961, na Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100 kwa juma. Ni kweli kwamba tangu hapo vilabu vidogo vimeona taabu. Lakini taabu hiyo yafaa iondolewe kwa vilabu kugawana mapato, si kwa kumpunja afanyaye kazi.