Kabla ya "Jambo Bwana"

Jioni moja huko Diani, Pwani ya Kenya, nilimtazama mpiga gitaa wa makamo akilinganisha nyuzi kando ya bwawa la kuogelea. Alikaza uzi, akausikiliza, akaulegeza kidogo, akausikiliza tena. Mwenziwe wa besi alimpa sauti moja, naye akaiandama mpaka zikakubaliana. Wageni walikuwa wakila, hakuna aliyegeuka. Lakini bendi ilikuwa imekwisha kuanza kazi, maana kazi ya kwanza ya bendi ni kusikilizana.

Sikio la namna hiyo haliuzwi pamoja na vyombo. Teddy Kalanda Harrison na nduguze, wanamuziki wa Pwani, walianza kuiita bendi yao Them Mushrooms mwaka 1972. Wimbo wao "Jambo Bwana" ukatoka katika sahani mwaka 1982. Watu husimulia yaliyofuata: kundi la Boney M kuuchukua wimbo, dunia kuuimba. Mimi huvutwa na ile miaka kumi ya katikati, miaka ya hoteli za Pwani, usiku hadi usiku, kumpigia mtu aliyeshuka ndege juzi na atakayeondoka wiki ijayo. Msikilizaji huyo hakujui wala hana deni nawe. Ukimpigia kelele, anakwenda zake chumbani. Ukimpigia kwa woga, anasinzia. Hapo ndipo mpigaji hujifunza kupima: lini solo inyamaze ili ridhimu isikike, lini chakacha ipishe rege, lini mwimbaji aachiwe pumzi.

Wapo wanaoubeza wimbo ule kwamba ni mwepesi. Kweli, salamu zilizomo kila mhudumu wa hoteli alikuwa nazo mdomoni. Lakini kuzipanga hata mgeni asiyejua neno la Kiswahili aziitikie kwa raha, hilo lilihitaji mtu aliyekwisha kuzitazama nyuso nyingi kutoka jukwaani.

Wadigo, wenyeji wa kusini mwa Pwani, waliijua kazi hii ya kusikilizana kabla gitaa halijafika. Katika ngoma yao ya sengenya, nzumari ndiyo inayolia juu, lakini mpiga chapuo akikosa sikio ngoma huanguka, hata nzumari ilie vipi. Kijana wa Msambweni aliyekulia katika ngoma hiyo alishika gitaa akiwa amekwisha kusoma nusu ya somo.

Kisha ikaja Agosti 1997, ghasia za Likoni, Mombasa, na wageni wakaukimbia ukanda wa kusini. Hoteli zilizokuwa na majina, kama Jadini na Two Fishes, baadaye zilifungwa. Lakini tusizitwike ghasia lawama yote. Wageni waliporudi, wenye hoteli waligundua kwamba mtu mmoja mwenye kinanda na flashi anatosha. Besi imo ndani ya flashi, ngoma zimo, hata makofi yamo. Mwimbaji akipandwa na hisia, mashine haimfuati, akiteleza, haimsubiri. Nasi tunakula, tunalipa, tunaondoka bila kuuliza wapigaji wako wapi.

Vijana wa Ukunda, hapo jirani na Diani, wana vipaji, na simu zao zimejaa midundo iliyopikwa tayari. Tunawataka watoe kibao mwezi huu, kivume mwezi ujao, halafu tunalalamika kwamba nyimbo za siku hizi hazidumu. Zitadumuje? Tumewanyang'anya wenzao wa kupiga nao, na ile miaka mirefu ya kukosea pamoja.