Gita Halilii Peke Yake

Gita la umeme likipigwa bila kuchomekwa popote ni kipande cha mbao chenye nyuzi, na mlio wake haufiki hata chumba cha pili. Sauti tuliyoizoea, ile inayopenya juu ya ngoma na besi na kuwainua watu vitini, huundwa safarini: huanzia kwenye uzi unaotikisika juu ya pikapu, hupita kwenye kebo, huingia kwenye amplifaya ya valvu na kutokea kwenye spika. Kila kituo huongeza kitu au hupunguza kitu. Kwa hiyo ninayemsifu hapa si mchonga magita wala mpigaji, maana hao hawajakosa wa kuwasifu. Ninamsifu fundi anayejua pikapu gani ikae na amplifaya gani, kwa muziki gani na kwa stima ya mtaa gani. Dai langu ni kwamba ala ya mpiga gita ni mkondo huo mzima, na anayeuoanisha ni mtunzi mwenza wa sauti. Mtaa kama Kayole jijini Nairobi, ambako fedha ni za kuhesabu na stima ni ya kubahatisha, unalithibitisha dai hilo kuliko studio ya kifahari.

Tuanze na pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, huzalisha umeme mdogo sana, kwa kawaida sehemu tu ya volti moja. Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi, umeme huongezeka lakini milio ya juu hufifia, na hakuna ujanja wa kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu. Pikapu ya koili moja, ya aina iliyowekwa kwenye gita la Fender Stratocaster tangu 1954, huwa na ukinzani wa karibu kilo-omu 6 na sauti angavu yenye makali. Hambaka, ambayo Seth Lover aliibuni akiwa Gibson na ikaombewa hataza mwaka 1955, ina koili mbili, ukinzani wa takriban kilo-omu 8, na sauti nene yenye nguvu. Upande wa pili wa kebo, valvu ya kwanza katika amplifaya nyingi za gita ni ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, na kipimo chake cha ukuzaji ni 100. Valvu hiyo ina kikomo. Ikiletewa umeme kidogo huukuza ukiwa safi. Ikizidishiwa, huyabana mawimbi hatua kwa hatua, na sauti huanza kukwaruza kwa namna ambayo masikio mengi huipenda. Ndiyo maana pikapu ileile inayong'aa kwenye amplifaya moja huweza kunguruma kwenye nyingine, na hakuna chombo kilichoharibika.

Nani basi aamue kama sauti ing'ae au ingurume? Ni wimbo. Mshonaji mwenye akili humpima mtu kabla ya kukata kitambaa, na fundi wa sauti naye huuliza kwanza utapigwa muziki gani. Chukua muziki wa benga wa D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz. Gita la solo hupiga noti za haraka, moja moja, juu kabisa, kisha waimbaji wakinyamaza huachiwa uwanja na kukimbizana na besi. Noti hizo zikigandamana kwa mkwaruzo, utamu wote umekwisha. Benga hutaka pikapu angavu isiyo na nguvu za kupindukia, na amplifaya inayobaki safi hata ikipandishwa. Rumba ya Nairobi ina dai jingine. Anayesikiliza wimbo Sina Makosa wa bendi ya Les Wanyika huweza kulifuata gita la ridhimu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia wimbo akilifuata la solo, na yote mawili hayapigani vikumbo. Utengano huo hauji wenyewe. Magita mawili yenye pikapu za aina moja, yaliyorekebishwa sawasawa na kuingizwa kwenye amplifaya za aina moja, huwania eneo lilelile la sauti. Fundi huyatenganisha: la solo hulipa pikapu ya karibu na daraja, inayosikia zaidi milio ya juu ya uzi, na la ridhimu hulipa ile ya karibu na shingo, inayosikia zaidi msingi wa noti.

Nalisisitiza hili kwa sababu mengi yaliyoandikwa kuhusu amplifaya za valvu yaliandikwa na wapenzi wa roki na kwa ajili yao. Humo, pikapu yenye nguvu zaidi huhesabiwa kuwa bora zaidi, na valvu husifiwa kwa jinsi zinavyonguruma. Kijana wa Kayole anayeufuata ushauri huo hujinyima mengi, halafu akifika mazoezini anakuta sebene lake, ile sehemu ya magita waimbaji wanaponyamaza, limegeuka uji. Hajanunua kitu kibaya, ila amenunua jibu la swali la watu wengine. Tangu Fundi Konde na wenzake walipotangulia kulipiga gita la umeme nchini Kenya, kazi kubwa ya gita katika muziki wetu imekuwa kuimba. Hata historia ya roki yenyewe inaunga mkono dai langu. Amplifaya ya kwanza ya Marshall, JTM45, iliyotengenezwa London mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliiga mchoro wa Fender Bassman ya Marekani. Mchoro ulikuwa karibu uleule, lakini baadhi ya valvu zilikuwa nyingine, spika zilikuwa nyingine na kabati lilikuwa jingine, na kutokana na tofauti hizo ikazaliwa sauti iliyokuwa na ukoo wake mwenyewe.

Sasa tuingie Kayole penyewe. Huu ni mtaa wa ghorofa zilizobanana, waya za stima zikipita juu ya vichochoro, karakana za kuchomelea vyuma zikiwa hatua chache kutoka makanisa na saluni. Stima ya Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na kila transfoma na kila mashine ya kuchomelea hutupa mvumo hewani. Pikapu ya koili moja huudaka mvumo huo kama inavyoudaka uzi, na amplifaya huvikuza vyote bila ubaguzi. Hapa hambaka ina hoja yake: koili zake mbili zimeunganishwa kinyume, na kila moja hukaa kwenye ncha tofauti ya sumaku, hivyo mvumo hujifuta wenyewe huku sauti ya uzi ikijumlishwa. Lakini tumeshaona bei yake kwa mpiga benga, yaani kupotea kwa ule mng'aro. Fundi mzuri hakimbilii kubadilisha pikapu. Kwanza huvika tundu la pikapu karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi, hukagua kama soketi ya ukutani ina waya huo kweli, na huisogeza amplifaya mbali na friji. Mvumo ukipungua hadi kuvumilika, koili moja imeokolewa.

Halafu kuna jambo la volti. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya huungua, kwa hiyo haina budi kupitia transfoma ya kushusha. Na hata iliyotengenezwa kwa stima yetu haiachwi salama, kwa maana jioni mtaa mzima unapowasha vyombo, volti huweza kushuka. Volti ikishuka ukutani hushuka pia ndani ya valvu, na amplifaya iliyokuwa safi saa nane mchana huanza kukwaruza saa mbili usiku ingawa hakuna aliyeigusa. Anayejua hili hapangi sauti kwenye ukingo wa uwezo wa chombo. Huacha nafasi: huchagua pikapu ya nguvu za wastani, au huishusha kidogo kwa bisibisi iwe mbali na nyuzi. Kipimo kizuri cha fundi wa Kayole ni kama amepanga sauti itakayostahimili usiku wa Jumamosi.

Pingamizi la kwanza linatoka makanisani, ambako magita mengi ya mtaa huu yanapata kazi. Wanasema: tuna mikseri na spika kubwa, tuchomeke gita humo, amplifaya ya nini? Jibu liko katika kipimo. Pikapu ya kawaida hutarajia mlango wenye ukinzani wa karibu megaomu 1, na hivyo ndivyo mlango wa amplifaya ya valvu ulivyo. Mlango wa laini kwenye mikseri nyingi ni takriban kilo-omu 10, yaani mara mia moja chini. Pikapu ikiingizwa hapo hulemewa, milio ya juu huzama na nguvu hupungua. Mpigaji huongeza trebo, na spika zenye honi humrudishia ukali mkavu badala ya mng'aro, kwa sababu spika ya gita kwa desturi huacha kuitikia sana kuanzia karibu kilohezi 5, ilhali honi haina huruma hiyo. Gita likilaumiwa siku hiyo limeonewa. Kisanduku cha DI, cha kuweka kati ya gita na mikseri, chenye mlango wa ukinzani mkubwa, kingetosha kurekebisha nusu ya tatizo, na anayelijua hilo ni yuleyule ninayemsifu.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi. Siku hizi kuna mashine za kidijitali zinazoiga mamia ya amplifaya, ni nyepesi, hazihitaji valvu, na mtu huweza kufanya mazoezi kwa hedifoni bila kumuudhi jirani wa ukuta mmoja. Ni kweli tupu, na katika ploti ya Kayole mashine hiyo mara nyingi ndiyo chaguo la busara. Lakini tuangalie imeiga nini. Kila sauti iliyohifadhiwa ndani yake ni uoanishaji uliokwisha kufanywa: mtu fulani alichagua amplifaya, spika na maikrofoni, akasikiliza, akaridhika. Tena mlango wa mashine yenyewe hujengwa wenye ukinzani mkubwa, kwa kuwa pikapu bado inadai ilichokidai miaka ya 1950. Mashine imeurithi ufundi huu, na mwenye kuuelewa huitumia vizuri kuliko anayepekua sauti mia mbili akitafuta moja itakayomfaa. Siwatetei wauza valvu. Fundi wa kweli akiona chumba ni kidogo na stima ni mbovu, atakwambia mwenyewe uache valvu.

La tatu ni la wapigaji: sauti iko vidoleni, na bingwa akipewa gita la kuazima bado atasikika ni yeye. Hilo pia nalikubali, na ndani yake ndimo naiona thamani ya valvu. Amplifaya ya valvu iliyooanishwa vyema na pikapu hujibu mguso: ukipiga kwa upole sauti inabaki safi, ukikaza mkono inachemka, ukipunguza voliumu ya gita inarudi kutulia. Vidole vinapata cha kusemezana nacho. Lakini mkondo ukishatupa milio ya juu njiani, hakuna kidole kitakachoirudisha. Ubingwa hauwezi kufika spikani ikiwa umezuiliwa mlangoni.

Limebaki pingamizi la gharama, na ndilo zito. Valvu mpya leo hutoka hasa Slovakia, Urusi na China. Usafirishaji kutoka Urusi ulipoyumba mwaka 2022, bei zilipanda duniani kote, na mnunuzi wa Nairobi hana kinga dhidi ya hayo. Lakini ughali wa vyombo ndio unaoongeza thamani ya maarifa. Kushusha pikapu milimita moja hakugharimu kitu. Kubadilisha kidhibiti cha voliumu cha kilo-omu 500 kwa cha 250 ili kupunguza ukali ni kazi ya spea ndogo, ya aina inayopatikana madukani Luthuli Avenue. Kufupisha kebo hurudisha sehemu ya milio ya juu, kwa sababu kila mita ya kebo huila kidogo. Kuhakikisha spika ya omu 8 imeunganishwa kwenye tundu la omu 8, na kutowasha kamwe amplifaya ya valvu isiyo na spika, huokoa transfoma ambayo bei yake ingenunua gita la mwanafunzi. Asiyejua haya huendelea kununua, na bado hasikiki anavyotaka.

Ufundi huu una hatari pia, na hatari ni sehemu ya heshima yake. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300, 400 na zaidi, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kung'olewa. Mwenye pupa huweza kufa kwa chombo kilichozimwa. Fundi huzimaliza volti hizo kwanza, hupima kwa mita, ndipo hutia mkono. Uangalifu huohuo ndio anaoutumia kusikiliza.

Kwa hiyo, kamati za makanisa, viongozi wa bendi na vijana mnaochanga kununua gita la kwanza: kabla ya kuongeza chombo kingine, mlipeni fundi aje asikilize mlivyo navyo. Mwambieni mnapiga muziki gani, mpigieni wimbo mmoja kamili, kisha mwacheni atoe bisibisi zake. Na akimaliza, mtajeni kwa jina pamoja na wapigaji, kwa sababu sauti hiyo ni yake pia.