Mara tano ya nini?

Ukisikia dawa imefanya kazi "zaidi ya mara tano," usishangilie kwanza. Uliza: mara tano ya nini?

Januari 2021, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha ADAPT-2, jaribio lililofanyika Marekani kwa watu 403 wenye uraibu wa methamfetamini, dawa ya kulevya ambayo mpaka leo haina tiba ya kidonge iliyoidhinishwa kule. Kundi moja lilichomwa sindano ya naltreksoni kila wiki 3 na kumeza bupropioni kila siku. Wengine walipewa sindano na vidonge vya danganya toto. Waliofanikiwa: asilimia 13.6 kwa dawa, 2.5 bila dawa.

Ukigawanya, unapata mara tano na ushee. Ukitoa, unapata 11. Hesabu zote ni halali, ila ya pili ndo inamfaa mama anayeuliza kama mwanawe atapona: katika kila watu 9 wanaotibiwa, ni kama mmoja tu aliyefanikiwa kwa sababu ya dawa.

Na "kufanikiwa" kwenyewe je? Hapo ndo nina ugomvi nao. Mwishoni mwa kila hatua ya wiki 6 walipima mkojo mara nne. Mitatu ikiwa safi, umefaulu. Sasa mfikirie mtu aliyekuwa akivuta kila siku, akapunguza hadi mara mbili kwa wiki, akarudi kazini. Mkojo unaweza kumkamata vilevile, naye akahesabiwa kashindwa. Halafu hakukuwa na kundi la naltreksoni peke yake wala la bupropioni peke yake, kwa hiyo hatujui ipi ilibeba mzigo.

Tuwe wa haki, muundo wao ni wa akili. Watu 225 ambao hawakupata nafuu kwa dawa bandia walipigiwa kura upya katika hatua ya pili, kwa hiyo wale ambao wangeacha wenyewe tu walishachujwa. Na dawa ilishinda tena, 11.4 kwa 1.8.

Kingine ambacho vichwa vya habari huruka: naltreksoni inaziba milango ileile ya ubongo inayotumiwa na heroini. Mwenye heroini mwilini akichomwa, arosto inampiga palepale, na ndiyo maana watu wa aina hiyo hawakuchukuliwa kwenye jaribio. Methadoni nayo hupita milango hiyohiyo. Kwa hiyo anayekunywa methadoni pale Muhimbili na bado anavuta methamfetamini, sindano hii si yake.