Kitabu Kinachojibu: Makisio ya Wasomaji wa Harry Potter

Riwaya za Harry Potter, alizoziandika Bi. J. K. Rowling wa Uingereza, ni saba, na zilitoka kati ya mwaka 1997 na 2007. Wasomaji wake wa kwanza walikaa miaka kumi wakingoja mwisho wa hadithi, na katika kungoja huko walikisia. Wako wanaoyadharau makisio hayo kuwa ni mchezo wa watoto. Sisi twaona kwamba ni uhakiki, ila ni wa namna mbili: mmoja wafaa kuigwa, na mwingine wafaa kuepukwa. Vitabu viwili vya uchawi vilivyomo ndani ya riwaya hizo vyatuonyesha tofauti yake.

Cha kwanza ni shajara ya Tom Riddle, iliyo kiini cha riwaya ya pili (1998). Kurasa zake ni tupu. Ginny Weasley, msichana wa miaka 11, aandikapo humo, wino hunywewa na karatasi, kisha hutokea maneno ya kumjibu. Msichana huyo mpweke aitolea shajara siri zake zote, nayo humliwaza. Kumbe kadiri amwagavyo moyo wake, ndivyo kitabu kinavyomnyonya nguvu na kumtuma kutenda maovu asiyoyakumbuka. Mwishowe Harry aichoma shajara kwa jino la joka, na wino wabubujika kutoka kurasani.

Riddle, ambaye baadaye alijiita Voldemort, alidai kwamba yeye ni kumbukumbu tu, iliyohifadhiwa kitabuni kwa miaka 50. Je, kumbukumbu yaweza kumnyonya mtu uhai? Jibu lilitolewa mwaka 2005, katika riwaya ya sita: shajara ilikuwa Horcrux, yaani chombo ambamo mchawi huficha kipande cha roho yake ili asife. Hapo wasomaji makini wakakumbuka kwamba katika riwaya ya pili mwalimu mkuu Dumbledore alimwambia Harry kuwa Voldemort alimwachia sehemu ya nguvu zake. Wakauliza: ikiwa kitabu chaweza kubeba kipande cha roho, je, Harry naye hakukibeba? Wengine walipinga, wakisema Voldemort asingejaribu kumwua mtu aliyebeba roho yake mwenyewe. Ubishi huo ulikuwa mzito, kwa maana kisio likiwa kweli, ingempasa Harry afe. Riwaya ya saba (2007) ililithibitisha: Harry alikuwa amekibeba kipande hicho, wala Voldemort hakujua, na kijana akaiendea mauti kwa hiari yake.

Kitabu cha pili kimo katika riwaya ya sita. Ni kitabu kikuukuu cha shule, cha kufundishia utengenezaji wa dawa za kichawi. Pembezoni mwa kurasa zake yameandikwa masahihisho na laana kwa mkono wa mtu ajiitaye Half-Blood Prince, jina tuwezalo kulifasiri Mwana-Mfalme wa Damu Mchanganyiko. Mwandishi alipolitangaza jina hilo la riwaya mwaka 2004, alisema kuwa mtu huyo si Harry wala Voldemort. Makisio yakazidi.

Hermione, rafiki yake Harry, ni mhakiki ndani ya riwaya yenyewe. Apekua magazeti ya zamani maktabani na kumkuta Eileen Prince, akatambua kwamba neno Prince laweza kuwa jina la ukoo wala si cheo. Alipatia neno, akakosea mtu. Mwenye kitabu alikuwa mwana wa Eileen, mwalimu Severus Snape, aliyezaliwa na baba asiye mchawi. Dalili ya mvua ni mawingu: katika riwaya ya tano (2003) Harry alikwisha kumwona Snape, angali kijana, akimkata baba yake Harry usoni kwa uchawi, na laana ya kukata twaikuta tena katika kitabu hiki.

Harry, kwa upande wake, alitamani kitabu kiwe cha baba yake, wala hakutaka kuambiwa ubaya wake. Akajaribu laana asiyoijua matokeo yake, akakaribia kumwua mwanafunzi mwenziwe. Harry alisoma kama Ginny: kitabu kilimjibu alichotaka kusikia, naye akakiamini.

Hapa ndipo lilipo fundisho kwetu walimu. Msomaji anayetafuta matamanio yake atayapata katika kila kitabu, lakini hatakuwa amekisoma. Anayetafuta maneno, kama Hermione, aweza kukosea, lakini kosa lake lina ushahidi, nasi twaweza kulijadili. Wanafunzi wetu wengi hukariri majibu ya miongozo ya fasihi kabla ya kuifungua riwaya. Yafaa tuwaache wakisie kabla ya sura ya mwisho, na kila mmoja aulizwe: ni neno gani lililokuonyesha hivyo? Kisio lisilo sahihi lenye ushahidi lina thamani kuliko jibu sahihi lililokaririwa.